Redio Ndogo Katika Ufukwe wa Liuli: Maswali ya Wananchi wa Lundo na Majibu Yake

Mtu anapofika ufukweni na kutundika waya mwembeni, kisha akaanza kuzungumza na Ulaya kwa kifaa kinachoenea kiganjani, watu hukusanyika na maswali huanza. Haya ndiyo yanayoulizwa zaidi.

Huyu anafanya nini hasa?
Anatumia redio ya ridhaa. Wengi wetu tunaijua redio kolu ya misheni au hospitali, na hii ni ya ukoo huo. Tofauti ni kwamba mwenye redio ya ridhaa hafanyi biashara wala hatangazii umma. Anawasiliana na wenye leseni wenzake duniani kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kujenga urafiki. Wapo wanaojifunga kutumia nguvu ndogo tu: wati 5 kwa alfabeti ya Morse, wati 10 kwa sauti. Na wapo wanaopenda kurusha mawimbi kutoka sehemu za kihistoria, kama ngome, minara ya taa na makanisa ya kale, ili jina la mahali hapo lisikike mbali.

Kwa nini aje Liuli?
Kwa sababu hapa habari ya vita iliwahi kuchelewa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliingia Liuli na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Waingereza upande wa pili wa Ziwa Nyasa walikwisha kuipata habari hiyo kwa simu ya waya. Shambulio hilo hutajwa mara nyingi miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza.

Wajerumani walikuwa na vituo vya redio Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, lakini huku Nyasa hapakuwa na kituo. Kwa uzito wa vituo hivyo, Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu kwenda kushambulia Bukoba, na mnara wa redio ulikuwa mojawapo ya shabaha zao kuu. Ukiyajua hayo, utaona kwamba kurusha mawimbi kutoka Liuli ni namna halisi ya kuisoma historia ya mahali hapa.

Wati 5 zitafika wapi?
Taa nyingi za LED za chumbani hula umeme zaidi ya huo. Hata hivyo wimbi la masafa mafupi halitambai ardhini tu: hupanda angani, likakutana na tabaka lenye chembe za umeme kilomita mia kadhaa juu, kisha likarudi chini maelfu ya kilomita mbele. Mchana, masafa ya megahezi 14 hufika Ulaya vizuri. Usiku megahezi 7 ndiyo yenye nafuu.

Antena yake ni nyaya mbili za takriban mita 5 kila moja kwa megahezi 14, na mita 10 kwa megahezi 7. Mtu hufunga kijiwe kwenye kamba, akakirusha juu ya tawi, akavuta waya hadi katikati ya antena ikae juu kadiri inavyowezekana. Betri ndogo inayochajiwa kwa sola inatosha kwa saa kadhaa. Watu husema ziwa linasaidia, na ni kweli kwa sababu upande wa magharibi hakuna kilima kinachozuia. Ila maji baridi hayapitishi umeme kama maji ya chumvi, kwa hiyo msitarajie matokeo ya pwani ya bahari.

Leseni inatoka wapi?
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Mwenye leseni hupewa utambulisho unaoanza na 5H, na lazima autaje hewani. Leseni ya nchi nyingine peke yake haimruhusu mgeni kurusha mawimbi hapa, kwa hiyo aombe kabla ya kusafiri. Akipanda boti na kuingia maji ya nchi nyingine, ruhusa ya TCRA inabaki nyuma.

Leseni hiyo inatosha kuingia popote?
Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Aanze kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, awaonyeshe leseni na kifaa, polisi nao wajulishwe. Tuko mpakani, na si ajabu mtu mwenye antena asiyejulikana akatiliwa shaka. Kwenye eneo la kanisa, mwenye neno ni padri. Liuli ndipo alipozikwa William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefariki 1928. Kaburi si mahali pa kuegemeza nguzo ya antena. Mabaki ya kihistoria yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: hakuna kuchimba, kupigilia misumari wala kuokota kipande cha chuma kwa kumbukumbu.

Kisiwa cha Lundo kinahesabiwa katika tuzo za visiwa za redio ya ridhaa?
Katika mpango mkubwa wa visiwa duniani, hapana. Mpango huo ulianza 1964 na huhesabu visiwa vya bahari tu. Unguja imo, kwa namba AF-032.

Aseme nini hewani?
Ataje Liuli kwa jina lake. Wazungu wengi wanaijua kama Sphinxhafen, jina la Kijerumani, na atakayelitumia peke yake ataifuta hadithi ya wenyeji. Aeleze pia kwamba mkoa huu ulikwisha kuonja vita ya Maji Maji, na kwamba mashujaa wake walinyongwa Songea 1906.

Na radi?
Kuanzia Novemba hadi Aprili, wingu likijikusanya, zima redio, chomoa antena na uondoke chini ya mti.

Mawasiliano huandikwaje daftarini?
Kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu: saa tisa alasiri ya Lundo huandikwa 12:00. Nakala ya daftari iachwe ofisi ya kijiji, ili walimu wa shule wapate kuwaonyesha wanafunzi nchi zilizoisikia Liuli.