SOMO LA VYAMA VYA MSINGI: KULALA GARINI KATIKA SAFARI ZA CHAMA, VIFAA VIFAAVYO NA UTUNZAJI WAKE



Kila mwaka pamba inapovunwa, vyama vyetu huwa na safari. Wako makarani wafuatanao na malori ya pamba hadi kiwandani na kungoja zamu ya kupakua. Wako pia wajumbe wapelekwao kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nyakabindi, wilayani Bariadi, ambako maonyesho ya kitaifa yalifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020. Wengi wa wasafiri hao hulala ndani ya gari au kando yake, ama kwa kuwa nyumba za wageni zimejaa, ama kwa kuwa fedha za chama hazitoshi kuwalipia wote vyumba.

Kulala garini si aibu. Ni njia halali ya kubana matumizi, ilimradi imeandaliwa. Isipoandaliwa huleta hasara za namna mbili: afya na uhai wa wajumbe, na upotevu wa mali ya wanachama. Somo hili linaeleza vifaa vya lazima, matumizi yake, na namna ya kuvitunza.

1. JE, KUNA FAIDA?

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Chama cha msingi cha Mwamanyili kinataka kupeleka wajumbe 8 Nyakabindi kwa usiku 3. Tuseme chumba ni shilingi 15,000 kwa usiku, na kila chumba kinalaza watu wawili. Vyumba 4 kwa usiku 3 ni shilingi 180,000. Tuseme tena kwamba turubai, vyandarua, magodoro, madumu, jiko na taa vinagharimu jumla ya shilingi 420,000.

Katika safari ya kwanza chama kimetumia shilingi 240,000 zaidi ya gharama ya vyumba. Safari ya pili bado haijafidia, kwa maana vyumba vya safari mbili ni shilingi 360,000. Ni safari ya tatu tu, vyumba vinapofikia shilingi 540,000, ndipo vifaa vinarudisha gharama yake na kuacha akiba ya shilingi 120,000.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Faida ya vifaa haipatikani dukani siku ya kununua, bali ghalani, kwa kuvitunza mpaka safari ya tatu na kuendelea. Chama kinachonunua turubai jipya kila mwaka kingefanya vema kulipia vyumba.

2. GARI NA MAHALI PA KULILAZA

Gari la kukodi liwe la abiria, lenye leseni ya usafirishaji na bima zisizokwisha muda. Lori la mizigo halikutengenezwa kubeba watu, na wajumbe wasipandishwe juu ya shehena.

Msafiri atokaye Mwamanyili hushika barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma mpaka Lamadi, kisha hukata kuelekea Bariadi kwa barabara ya lami. Wakaao kando ya barabara hiyo kuu wamekwisha kuona magari ya watalii waendao Serengeti kwa lango la Ndabaka, mengine yakiwa na kitanda na jiko ndani. Magari ya namna hiyo yalianza kuenea Ulaya katika miaka ya 1950. Hatuna haja ya kununua gari kama hilo, lakini lina funzo moja la kuiga: kila kitu kina mahali pake, na kikitumiwa hurudishwa papo hapo. Hata usiku wa giza mtu huweza kunyoosha mkono na kuipata kurunzi.

Gari lilazwe kabla jua halijatua, penye ardhi sawa, ngumu na iliyoinuka. Udongo mweusi wa mbuga huonekana mgumu wakati wa kiangazi, lakini mvua moja huugeuza tope linalomeza magurudumu. Msilale kando ya barabara kuu. Ombeni ruhusa katika ofisi ya kijiji, shuleni au kituoni, na mwenyeji ajue idadi yenu. Kando ya ziwa jihadharini na viboko, ambao hutoka majini usiku kutafuta majani. Karibu na mipaka ya hifadhi mtu asitoke garini peke yake gizani. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kulala popote ila katika maeneo yaliyotengwa na kulipiwa.

3. MAJI NA CHAKULA

Kadirieni lita 10 kwa mtu mmoja kwa siku: lita 5 za kunywa na kupikia, na lita 5 za kunawa na kuoshea vyombo. Kwa wajumbe 8 hizo ni lita 80, yaani madumu 4 ya lita 20. Akiba hii ya siku moja iwemo garini daima, hata mwendako pakiwa na bomba. Kumbukeni kwamba madumu hayo yakijaa yana uzito wa kilo 80. Yawekwe chini sakafuni na kufungwa kamba, yasije yakawaangukia watu gari linapofunga breki.

Dumu la maji ya kunywa liandikwe kwa rangi na lisitumiwe kwa jambo jingine. Ni marufuku kabisa kutumia dumu au chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya kunyunyizia pamba, hata kama imeoshwa mara kumi. Sumu hiyo haiondoki kwa sabuni.

Maji yasiyoaminika yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe dawa ya kusafishia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wasafiri wapitao karibu na Ziwa Victoria wasikubali kuoga katika maji ya kando yenye majani na konokono, kwani humo hupatikana vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi.

Kwa chakula, wazee wetu walikwisha tuonyesha njia. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa, havihitaji barafu, havina uzito mkubwa, na hukaa miezi bila kuharibika. Matobolwa, kwa kuwa yamekwisha kuchemshwa kabla ya kuanikwa, huliwa hivyo hivyo pamoja na karanga au chai. Ongezeni dagaa wakavu, unga na maharage. Nyama na maziwa nunueni siku ile ile ya kula.

4. MOTO, ADUI WA KWANZA

Sehemu hii isomwe kwa sauti mbele ya wajumbe wote kabla ya safari.

Jiko la mkaa lisiingizwe garini kamwe wakati watu wamo, hata kama makaa yanaonekana yamekufa, hata kama usiku ni wa baridi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamki kwa kukohoa kama afanyavyo penye moshi. Huzidi kusinzia mpaka afe. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Kwa sababu hiyo hiyo injini isiachwe ikinguruma wakati watu wamelala garini.

Anayeona kichwa kinamuuma, kizunguzungu na kichefuchefu akiwa ndani ya gari karibu na moto au injini, atolewe nje mara moja kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali. Baridi huondolewa kwa blanketi, si kwa jiko.

Penye pamba hatari huwa maradufu. Cheche moja yaweza kuteketeza shehena nzima, na shehena hiyo ni jasho la wakulima wengi. Jiko liwekwe hatua 50 au zaidi kutoka kwenye lori, mahali ambapo upepo unapeperusha cheche mbali na mzigo. Mtungi wa gesi usimame wima, na maungio yapimwe kwa povu la sabuni; mapovu yakifuka, gesi inavuja. Mishumaa na vibatari visiwashwe garini. Taa ya sola au kurunzi yatosha. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na dereva, nao ukaguliwe kabla ya kuondoka.

5. MALAZI NA AFYA

Turubai la mita 4 kwa 5 hufungwa upande mmoja kwenye paa la gari na upande wa pili kwenye miti miwili, likawa kivuli mchana na chumba usiku. Kwa wajumbe 8, wanawake walale ndani ya gari na wanaume chini ya turubai. Heshima hiyo ipangwe mapema, isingojwe usiku uingie.

Kila alalaye awe chini ya chandarua chenye dawa. Ndani ya gari chandarua hufungwa kwa kamba kwenye vishikio vya darini, na pindo zake hukunjwa chini ya godoro. Hivyo dirisha huachwa wazi kwa hewa bila mbu kumfikia mtu.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji, pamba safi, glavu, dawa ya kuoshea vidonda na pakiti za chumvichumvi za kuharisha, zichanganywazo kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Pasipo bomba, tengenezeni kibuyu chirizi karibu na choo, na sabuni iningʼinie hapo.

6. VIFAA VYA GARI

Gurudumu la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, pampu, kamba nene ya kuvutia, sepetu, na vipande viwili vya mbao. Mbao hizo hufanya kazi mbili: kuweka chini ya jeki isizame, na kutia mbele ya gurudumu lililokwama. Pembetatu za tahadhari ziwekwe barabarani gari liharibikapo. Matawi ya miti hayang'ai usiku.

7. KUNUNUA, KUANDIKA NA KUTUNZA

Katika ukaguzi wa vyama nimekuta mara kwa mara vocha ya kununulia turubai, bila turubai lenyewe. Kila mtu husema lilibaki kwa mwenzake. Kuepuka jambo hilo, utaratibu ufuatao uzingatiwe:

(a) Fedha za vifaa ziwemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Bodi isinunue kwanza na kuomba idhini baadaye.

(b) Kabla ya kununua, ulizeni: kifaa hiki kinalinda uhai? Hakiwezi kuazimwa chama jirani? Kitatumika tena? Kisichopita maswali hayo kisinunuliwe.

(c) Kila kifaa kiandikwe katika daftari la mali na kupakwa rangi alama ya chama.

(d) Kiongozi wa safari atie sahihi anapopokea vifaa na masurufu. Akirudi, vifaa vihesabiwe mbele ya Katibu na mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi, na masurufu yarejeshwe pamoja na stakabadhi.

(e) Turubai na vyandarua vianikwe vikauke kabla ya kukunjwa, kisha vitundikwe juu, mbali na panya na dawa za pamba.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Chama chenu kina vifaa gani vya safari hivi sasa? Vinalingana na daftari la mali?

2. Katika mfano wa sehemu ya kwanza, ikiwa vifaa vya shilingi 140,000 vimepotea baada ya safari ya pili na kununuliwa vingine, chama kitaanza kupata akiba katika safari ya ngapi?

3. Kwa nini kufungua dirisha kidogo hakutoshi kumlinda mtu alalaye karibu na jiko la mkaa?

4. Ni vifaa vipi ambavyo chama chenu kingeweza kushirikiana na chama jirani kuvinunua na kuvitumia kwa zamu?

Majibu yajadiliwe katika mkutano wa wanachama na kuandikwa katika kumbukumbu.