Damu Ina Tarehe: Vipimo Vinavyofichua Homa ya Bonde la Ufa na Sumu ya Kuvu

Somo kwa wafugaji, wahudumu wa afya ya jamii na kila familia inayokunywa maziwa na kula mahindi

Desemba 1997, baada ya mvua kubwa za El Niño, wilaya ya Garissa ilikuwa na taarifa za vifo 170 vya watu waliougua homa na kutokwa na damu. Wakati huohuo mifugo ilikuwa ikitupa mimba na kufa. Kwa macho peke yake, mtu hangeweza kusema kwa uhakika ni ugonjwa gani. Kimeta huua mnyama ghafla na kumtoa damu. Malaria huleta homa kali baada ya mvua. Ilibidi sampuli za damu zisafirishwe hadi maabara za Afrika Kusini na Marekani, na majibu yakaonyesha Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huo si mgeni nchini. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutoka kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Wafugaji wetu Wasomali wana jina lao la zamani, sandik, yaani kutokwa damu puani. Jina hilo latokana na dalili ambayo mfugaji aliiona. Somo hili linahusu dalili ambazo jicho haliwezi kuziona.

Kiashiria ni nini?

Mchungaji hahitaji kumwona fisi ndipo ajue amepita karibu na zizi. Huangalia nyayo. Tena haangalii nyayo tu, huangalia kama ni mbichi au ni za juzi.

Kiashiria cha mwilini ni nyayo za aina hiyo. Ni kitu kinachoweza kupimwa katika damu, mkojo au maziwa, na ambacho huonyesha kwamba mwili umekutana na ugonjwa au sumu. Kwa binadamu na kwa mnyama kanuni ni moja. Daktari wa hospitali na daktari wa mifugo wanaweza kutafuta nyayo zilezile katika damu ya mchungaji na ya kondoo wake.

Nyayo tatu za Homa ya Bonde la Ufa

Nyayo za kwanza ni virusi vyenyewe. Huonekana katika damu siku chache za mwanzo wa ugonjwa, na hutafutwa kwa kipimo cha PCR, kile ambacho wengi walikisikia wakati wa korona. Mgonjwa akikaa nyumbani wiki moja kabla ya kwenda hospitalini, huenda virusi vikawa vimekwisha katika damu na kipimo hiki kisione kitu.

Nyayo za pili ni kingamwili za mwanzo, ambazo karatasi ya majibu huziandika IgM. Kingamwili ni askari ambao mwili hutengeneza ili kupigana na mgeni. IgM hutangulia, huanza kuonekana siku chache baada ya dalili, kisha hupungua na kutoweka baada ya miezi michache. Zikipatikana, maana yake ni kwamba maambukizi ni ya karibuni.

Nyayo za tatu ni kingamwili za kudumu, zinazoandikwa IgG. Hizi huja baadaye kidogo na hukaa miaka mingi. Zikipatikana peke yake, zasema kwamba mwili uliwahi kukutana na ugonjwa, lakini hazisemi kwamba unaumwa leo.

Kwa hiyo jibu la maabara lina tarehe ndani yake. Neno "ameambukizwa" bila kujua ni nyayo zipi zilizoonekana ni habari nusu.

Damu ilivyosema Garissa

Baada ya mlipuko wa 1997 na 1998, wachunguzi hawakutosheka na kuhesabu wagonjwa wa hospitali. Walipima damu ya watu 171 katika wilaya ya Garissa, na 31 kati yao walikuwa na IgM. Kutokana na hesabu hiyo walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 wilayani walikuwa wameambukizwa. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa Afrika Mashariki hadi wakati huo.

Ulinganishe na vifo 170 vilivyotajwa hapo mwanzo. Watu wengi walioambukizwa waliugua homa ya kawaida wakapona bila kujua walichokuwa nacho. Bila kiashiria, maelfu hao wasingejulikana.

Damu hiyo ilifundisha jambo jingine. Wachunguzi waliwauliza watu walivyoishi na mifugo yao, wakalinganisha majibu na vipimo. Waliokuwa wamegusa damu na majimaji ya kondoo, na waliolaza mifugo ndani ya nyumba, ndio walioonekana kuwa katika hatari zaidi. Mbu hueneza ugonjwa huu, lakini mikono yetu wakati wa kuchinja, kuchuna na kuzalisha ni njia kubwa pia.

Ugonjwa uliporudi Desemba 2006, kesi za kwanza zilitokea hapahapa Garissa. Safari hii vipimo viliweza kufanywa nchini, katika maabara ya KEMRI. Hadi Machi 2007, Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa wa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa wakati huo.

Mfano wa kusoma majibu

Tuseme kuna zizi ambalo kondoo kadhaa wametupa mimba katika wiki moja, na afisa wa mifugo amechukua damu. Majibu yaweza kuja kwa namna tatu.

Kwanza, IgM imepatikana kwa kondoo kadhaa. Ugonjwa uko zizini sasa au umepita karibuni sana. Watu wa boma hilo wafuatiliwe afya zao mara moja.

Pili, IgG peke yake imepatikana, tena kwa kondoo wakongwe tu. Inaelekea hao waliupata ugonjwa miaka ya nyuma. Sababu ya mimba kutupwa itafutwe kwingine. Brusela, kwa mfano, nayo hutupa mimba na humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi.

Tatu, hakuna kilichopatikana. Hapa ndipo wengi hukosea. Jibu hilo laweza kumaanisha kwamba ugonjwa haupo, au kwamba damu ilichukuliwa mapema mno, kabla ya mwili kutengeneza kingamwili. Dawa yake ni sampuli ya pili baada ya wiki mbili au tatu. Ikiwa kingamwili zimepanda sana kati ya sampuli ya kwanza na ya pili, maambukizi ni mapya.

Kuna mitego miwili. Mwanakondoo mchanga anaweza kuwa na IgG aliyoinyonya katika dang'a ya mama yake, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuugua. Na mnyama aliyechanjwa huwa na kingamwili pia, ambazo vipimo vya kawaida haviwezi kuzitofautisha na zile za ugonjwa. Ndiyo maana rekodi ya chanjo ni mali. Mfugaji asiyejua alichanja lini, damu ya mifugo yake yaweza kusomwa vibaya.

Ini likiumia, nani ameliumiza?

Si kila kiashiria hutaja jina la mhalifu. Ini likiumia, vimeng'enya vyake humwagika kwenye damu na hospitali huweza kuvipima. Lakini kipimo hicho husema tu kwamba ini limeumia. Homa ya Bonde la Ufa ikiwa kali huliumiza ini. Sumu ya kuvu kwenye mahindi, yaani aflatoksini, huliumiza vilevile, na mgonjwa akawa na macho ya njano.

Mwaka 2004 majirani zetu wa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, walipata msiba huo. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wachunguzi walipima damu ya wagonjwa 40 na ya watu 80 wasio wagonjwa. Aflatoksini ikiingia mwilini hujishikilia kwenye albumini, ambayo ni protini ya damu, na hukaa nayo kwa wiki kadhaa. Wagonjwa walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha alama hiyo. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu ndiyo yaliyokuwa chanzo.

Hapa kwetu wengi hawalimi mahindi, hununua. Na wakati wa kiangazi, mahindi mabovu ambayo mtu amekataa kula huonekana kuwa chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Si kizuri. Mnyama akila aflatoksini, sehemu yake hugeuka na kutoka katika maziwa ndani ya siku moja hivi. Akiachishwa chakula hicho, alama hiyo katika maziwa huisha baada ya siku chache. Maziwa basi ni kiashiria cha alichokula mnyama wiki hii, na damu ya mtu ni kiashiria cha alichokula wiki na miezi iliyopita.

Kumbuka tofauti hii: kuchemsha maziwa huua vijidudu vya brusela, lakini hakuondoi sumu ya kuvu. Kinga ya sumu iko ghalani na sokoni, haiko jikoni. Kiwango cha juu cha aflatoksini kinachoruhusiwa katika mahindi nchini Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho hakionekani wala kunuswa.

Hofu ya kufungwa kwa soko

Wapo wanaonyamaza mimba zinapotupwa kwa sababu wanaogopa karantini. Hofu hiyo ina msingi. Katika mlipuko wa 2006 na 2007, biashara ya mifugo na uchinjaji vilizuiwa, na familia nyingi zinazotegemea soko la Garissa ziliumia.

Lakini tufikirie saa za damu tulizozisoma hapo juu. Mfugaji akitoa taarifa siku ya pili, virusi na IgM vyaweza kuonekana kabla mbu na wafanyabiashara hawajaupeleka ugonjwa mbali, na hatua zikachukuliwa mahali pachache. Akinyamaza mwezi mzima, ugonjwa hugunduliwa kwa binadamu, hospitalini, na hapo ndipo eneo zima hufungwa. Kimya hakilindi soko.

Mambo ya kufanya

1. Mimba nyingi zikitupwa kwa pamoja, hasa baada ya mvua na mafuriko, toa taarifa siku hiyohiyo kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo, chifu au mhudumu wa afya ya jamii. Mweleze tarehe mimba ya kwanza ilipotupwa.

2. Usiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, wala usimchinje mnyama anayeumwa. Usijaribu kutoa damu mwenyewe. Sampuli huchukuliwa na mtaalamu mwenye glavu na sanduku la barafu.

3. Ukienda zahanati na homa, sema wazi kwamba unachunga, umechinja au umemzalisha mnyama, na lini. Kupatikana na malaria hakuondoi uwezekano wa ugonjwa mwingine.

4. Hifadhi rekodi ya chanjo. Chanjo hutolewa kabla ya mvua kubwa, si katikati ya mlipuko, na mnyama mwenye mimba asichanjwe bila ushauri wa daktari wa mifugo.

5. Mahindi yenye kuvu usile, usiuze, usimpe mnyama.

6. Majibu yakirudi, uliza maswali mawili: ni nyayo zipi zilizoonekana, na damu ilichukuliwa siku ya ngapi?

Maswali ya kujipima

Kondoo ana IgG lakini hana IgM. Je, anaumwa sasa? Kabla ya kujibu, ungemuuliza mwenye zizi mambo gani mawili?

Mtoto amepewa maziwa yaliyochemshwa ya ng'ombe anayelishwa mahindi yenye kuvu. Amekingwa na nini, na hakukingwa na nini?

Yajadilini nyumbani na kwenye baraza. Anayeweza kuyajibu ataweza pia kumsaidia jirani yake kusoma karatasi ya majibu.