Adresi fupi, adresi nzima, na adresi iliyohama



Mmoja wenu wa klasi ya tano aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini masomo uliyotuwekea mu kle ya USB yanafunguka muzuri shuleni, lakini ku nyumba picha zote zinakosa?" Kosa lilikuwa langu. Ninaeleza.

Ukisimama Kikula ukamwambia mtu, "Nyumba ya tatu, mukono wa kuume," anafika. Maneno yale yale ukiyasema Panda, anaangukia kwa watu wengine. Hiyo njo adresi fupi: maana yake inatoka fashi unaposimama. Adresi nzima inataja mji, komine, avenyu na namba, nayo haibadiliki hata ukiwa Kolwezi.

Kurasa za intaneti zinatumia zote mbili. Nikiandika picha/moyo.png, navigateri inachukua adresi ya ukurasa unaosoma, inakata yote yanayofuata alama / ya mwisho, halafu inabandika picha/moyo.png pale. Serveri haifanyi hesabu hiyo hata kidogo. Mimi niliandika mbele ya kila picha adresi nzima ya mashine yetu ya shule. Ku nyumba mashine ile haipo, basi picha zinatafutwa bure, na kumbe zimo ndani ya kle!

Sasa, kuhama. Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka 1966. Tuseme barua imeandikwa jina lile: mtu wa posta anayejua jina jipya ataipeleka Likasi mwenyewe. Serveri haina wema huo. Inajibu tu: "Walihama, adresi yao ni hii," na navigateri inaanza safari upya. Namba 301 ni kuhama kabisa, na navigateri inaweza kuikumbuka, kesho iende moja kwa moja. Namba 302 ni kuhama kwa muda. Kila safari inakula wakati na megabaiti zenu. Kama A inatuma kwa B, na B inarudisha kwa A, Chrome na Firefox zinachoka kisha safari 20 hivi na kutoa kosa.

Hapa wengi wanaanguka: navigateri inahesabu adresi fupi kuanzia fashi ilipofika mwisho, si kuanzia ile uliyoandika. Ukiandika /masomo, serveri nyingi zinakutuma kwanza ku /masomo/. Pale, moyo.html inakuwa /masomo/moyo.html. Bila alama ile ya mwisho ingekuwa /moyo.html, na huko hakuna kitu.

Inchi yetu pia ilihama. Wakati wa Zaïre adresi zake ziliishia na .zr. Jina la inchi likabadilika 1997, ikaja .cd, mwaka 2001.zr ikafutwa kabisa. Angalieni: ili ukurasa wa zamani ukuonyeshe njia, lazima jina la zamani liendelee kujibu. Kisha 2001 hakuna aliyebaki ku mlango wa kusema "walihama". Kiungo chochote kilichoandikwa kizima na .zr kilikufa. Kiungo kifupi, ndani ya kurasa zilizohamishwa pamoja, hakikuhitaji kuguswa hata herufi moja.

Mulete kle zenu siku ya ine, mbele ya masomo. Nimekwisha kufuta adresi nzima mu somo la moyo. La mapafu ningali naandika.