Tuktuk, Kifundo cha Mkono na Kidole Gumba

*Mimi ni dereva wa tuktuk, kituo changu kiko karibu na Fort Jesus na safari zangu ni Mji wa Kale, Marikiti na Feri. Tangu mwaka jana kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma kwa kuzungusha mpini wa mafuta kutwa, na usiku vidole vinaingia ganzi hadi naamka kuukung'uta mkono. Rafiki yangu anafanya kazi Diani na zile pikipiki za magurudumu manne za watalii. Zenyewe hazizungushwi, kuna kijiti unakisukuma kwa kidole gumba. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari ameniambia anaweza kunifungia kijiti kama hicho kwa siku moja. Chombo si changu, mwenyewe nampelekea hesabu kila jioni. Je, nifunge?*

*Dereva, Kibokoni*

Usifunge. Maumivu yako nayaamini, na ganzi hiyo ya usiku imenitia wasiwasi kuliko eksileta yenyewe, nitaifikia. Lakini kwanza tuimalize habari ya kijiti, maana fundi yuko tayari na spana mkononi.

Tazama mikono yako inavyogawana kazi ndani ya tuktuk. Kushoto una klachi na gia pamoja: unabana, unazungusha, unaachia. Breki iko mguuni. Kila unapobadilisha gia, mkono wa kushoto una shughuli yake, na usukani unabaki juu ya mkono wa kulia. Ndani ya Mji wa Kale hilo hutokea kila baada ya nyumba chache. Uko Ndia Kuu na gia ya pili, mbele mkokoteni umeziba njia, unarudi ya kwanza, unajibana ukutani kumpisha mwenzako anayetoka Bandari ya Kale, na hapo hapo watoto wamefunguliwa madrasa wanamiminika barabarani. Mkono wa kulia ulioshika mpini kwa vidole vyote unayahimili hayo. Ukifunga kijiti, gumba linatoka kwenye mpini na kwenda kusukuma, unabaki na vidole vinne. Na tuktuk ina gurudumu moja tu mbele. Likitumbukia shimoni linavuta usukani kwa nguvu unayoijua wewe kuliko mimi.

Pikipiki za rafiki yako hazina shida hiyo. Nyingi za kukodisha hazina klachi ya mkono, kwa hiyo mikono yote miwili inashika muda wote. Gumba nalo liliwekwa kwa sababu ya maana. Kwenye mchanga na mabonde, mwili ukirushwa nyuma, mkono unaozungusha hujikuta unavuta mafuta zaidi bila mwenyewe kutaka, ilhali gumba huteleza likaachia. Tena usukani ukikatwa hadi mwisho, kusukuma kwa gumba ni rahisi kuliko kupinda kifundo. Faida hiyo ya kona ni ya kweli na ungeipata hata wewe pale Mlango wa Papa. Ila hailipi hasara ya mkono uliolegea wakati mwenzake yuko kwenye gia.

Na gumba nalo huchoka. Huko Kanada na kaskazini mwa Marekani kuna pikipiki za theluji, zenye mbao za kutelezea mbele na mkanda mpana unaozunguka nyuma. Hizo huongezwa mafuta kwa gumba. Wapo waendeshaji wake wanaolalamika kinyume chako kabisa: gumba limekaza, limekufa ganzi kwa kusukuma saa nyingi, nao wanataka fundi awafungie eksileta ya kuzungusha kama ya pikipiki ya kawaida. Chini ya gumba, upande wa kifundo, kuna kano zinazopita ndani ya ala nyembamba. Gumba likirudia kazi moja mno, kano na ala hufura na kuuma vibaya. Ukihamisha kazi kwenye gumba, una hatari ya kuhamisha maumivu sentimita chache tu, na safari hii yatakaa kwenye kidole unachobania kila kitu, hata tonge.

Kuna jambo moja la hao watu wa theluji ningependa fundi wako alisikie. Baadhi ya mashine zao zina swichi ndani ya kijiti: ukiachia gumba na waya wa mafuta ukawa umekwama, injini inazimwa. Anayeng'oa kijiti bila kuelewa huing'oa na kinga hiyo. Waliobuni eksileta hawakuogopa sana mafuta kukosa kufunguka, waliogopa yasije yakakosa kufunga. Hapo ndipo mabadiliko ya gereji za barabarani huharibika. Kijiti huvuta waya kwa urefu wake, na kabureta ya tuktuk inadai urefu wake. Vikipishana, ama kabureta haifunguki yote na unashindwa kupanda kutoka Feri na abiria watatu, ama haifungi yote na chombo kinakwenda mbele wewe umeachia.

Sasa twende kwenye mkono wako. Anza na waya wa mafuta. Hewa yetu ya chumvi hula chuma polepole, na waya ukishika kutu ndani ya ganda lake, mpini unakuwa mzito kidogo kidogo hata dereva hagundui. Zima injini, zungusha mafuta hadi mwisho, kisha achia. Mpini urudi wenyewe kwa mlio mkavu, tak. Ukirudi kivivu, au ukihisi unakwaruza, umempata mbaya wako. Waya mpya ni bei ndogo kuliko kijiti na kazi ya kukifunga. Mwambie fundi afungue na mpini wenyewe, aufute vumbi na grisi iliyokauka, kisha apitishe waya mpya bila kuukunja kwa ukali. Springi ya kurudisha mafuta asiiguse. Kuna mafundi hulegeza springi ili mkono upumue, na springi hiyo ndiyo inayofunga mafuta.

Mpini pia uwe na nafasi ndogo kabla ya kuanza kuvuta. Kwenye pikipiki nyingi ni kati ya milimita 2 na 6. Washa injini tuktuk ikiwa imesimama, gia huru, ukate usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Sauti ya injini isibadilike hata kidogo. Ikipanda, waya umebanwa mahali, na kwa kona zenu za Kibokoni hilo halivumiliki.

Kisha namna ya kushika. Madereva wengi hushika mpini kifundo kikiwa kimenyooka mafuta yakiwa yamefungwa. Wakizungusha, kifundo kinashuka na kupinda kinyumenyume, na kinakaa hivyo safari nzima. Fanya kinyume: unaposhika, inua kifundo kidogo juu ya mpini, ili ukifika kwenye mwendo wako wa kawaida mkono uwe umenyooka kutoka kiwiko hadi vidole. Usikamue mpini. Ukiwa kwenye foleni ya Feri, ondoa mkono kabisa, uuweke pajani, ufungue na kufunga vidole. Kama kiti kimebonyea, kijazwe, kwa sababu ukikaa chini mno mkono unaning'inia kwenye mpini.

Nimesema ganzi ya usiku imenitia wasiwasi. Angalia ni vidole gani. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na pengine nusu ya cha pete, na kidole kidogo kimesalimika, yaelekea mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo umebanwa. Hilo si la fundi. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani au kwa daktari unayemwamini, mweleze kazi yako na umwonyeshe mkono unavyokaa kwenye mpini. Mwombe akupime na sukari, maana kisukari huongeza uwezekano wa mshipa huo kubanwa. Mara nyingi matibabu huanza na kifaa cha kufunga kifundo kikae sawa usiku, na kupunguza kazi inayokipinda. Usingoje hadi vitu vianze kukudondoka mkononi au nyama ya chini ya gumba ianze kukonda. Ikifika hapo, huenda nguvu zisirudi zote.

Na mwenye chombo mwambie leo, wala si baada ya kufunga. Tuktuk ni yake na bima ni yake. Chombo cha abiria kikibadilishwa mfumo wa mafuta kisha ikatokea ajali, watu wa bima watauliza mapema nani aliyebadilisha, na jibu utakuwa nalo wewe. Mkumbuke na skwodi wako, kama unaye: anayeipokea tuktuk jioni mkono wake umezoea kuzungusha, na siku atakaposhtuka atazungusha mpini usiozunguka huku gumba lake bado limesukuma kijiti.

Mwombe mwenyewe alipie waya mpya, kwani hayo ni matengenezo ya chombo chake. Mwombe pia mgawane zamu upya kwa wiki chache: wewe uchukue za asubuhi, kabla foleni ya Feri haijajaa, skwodi achukue za jioni, na hesabu ipunguzwe kwa kadiri ya saa unazoacha. Daktari akikuandikia karatasi ya kupumzisha mkono, mpelekee mwenyewe nakala yake siku hiyo hiyo.