Diski ya Mashine Pepe Imevurugika? Vidokezo 9 vya Kuinusuru Bila Kuongeza Hasara

Programu ya mauzo haihifadhi kitu, simu za watumiaji hazikatiki, na kwenye skrini kuna ujumbe mmoja tu: “Read-only file system”. Usikate tamaa! Mara nyingi ujumbe huo una habari njema ndani yake: Linux imeona kasoro kwenye mfumo wa faili, ikafunga breki yenyewe ili uharibifu usienee. Kazi yako sasa ni kutouondoa mguu kwenye breki hiyo kabla hujajua kilichotokea. Vidokezo hivi ni kwa ajili yako unayetunza mashine pepe za Linux juu ya KVM, Proxmox au jamii yake. Vifuate kwa mpangilio wake, maana hapa mpangilio ndio unaookoa data.

1. Toa kidole kwenye kitufe cha kuwasha upya

Kishawishi ni kikubwa, lakini subiri kidogo. Ukiwasha upya, ujumbe wa keneli uliomo kwenye RAM unafutika, na ukaguzi wa diski unaweza kuanza kurekebisha mambo wakati chanzo cha tatizo bado kipo. Andika `dmesg -T`, kisha nakili matokeo uyaweke kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa diski hii haiandikiki tena. Skrini haikubali kunakiliwa? Ipige picha kwa simu. Dakika mbili tu, na ushahidi wote unao mkononi.

2. Jua anayelia ni nani

Ukiona “EXT4-fs error” peke yake, muundo wa faili ndani ya mashine pepe ndio wenye kasoro. Ukiona “I/O error” ikitaja namba ya sekta, basi diski, au kitu kilicho chini yake, kimeshindwa kujibu. Ukiziona zote mbili, anza na hiyo ya pili. Kutengeneza mfumo wa faili juu ya diski inayokufa ni kuuongezea jeraha.

3. Shuka chini, kwa seva mama

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo jibu hukaa! Mashine pepe haijui kwamba diski yake ni faili tu kwenye seva nyingine. Kwa hiyo ingia kwenye seva mama, uanze na swali rahisi kuliko yote: nafasi ipo? Diski pepe nyingi hugawiwa nafasi kwa ahadi, jumla ya ahadi za mashine zote ikizidi nafasi iliyopo kweli. Siku mashine zote zitakapodai ahadi hiyo kwa pamoja, hifadhi inajaa.

Angalia `df -h`. Kama unatumia LVM yenye ugawaji wa aina hiyo, andika `lvs` usome safu mbili, Data% na Meta%. Usiidharau hiyo Meta%, kwa sababu ikijaa huleta balaa kubwa kuliko data yenyewe kujaa. Hifadhi hiyo ya LVM ikijaa, kwa kawaida huyashikilia maandishi kwa sekunde 60, halafu huanza kuyakataa, na mashine zote zilizo juu yake huumia kwa mpigo. Kwa faili za qcow2 bahati huwa nzuri zaidi: QEMU huisimamisha mashine nafasi inapokwisha. Ukiandika `virsh list` ukaiona iko “paused”, huenda hakuna kilichoharibika kabisa. Ongeza nafasi, andika `virsh resume`, endelea na siku yako.

Nafasi ipo tele? Basi pima afya ya diski halisi kwa `smartctl -a`. Tafuta Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba zake zikiwa zinapanda, anza kuihamisha data leo. Kama diski ni nzima lakini uharibifu unarudi tena na tena kwenye mashine tofauti, ishuku RAM ya seva. Iache memtest86+ ifanye kazi usiku kucha.

4. Nakili kwanza, tibu baadaye

Ukikumbuka kidokezo kimoja tu, kiwe hiki. Zima mashine pepe, nakili diski yake nzima kwenye diski nyingine iliyo salama, kisha fanya majaribio yote kwenye nakala. Faili ya qcow2 inatosha kunakiliwa kwa `cp --sparse=always`; diski iliyokaa kwenye LVM, tumia `dd`. Kama diski halisi inatoa makosa ya kusoma, chukua GNU ddrescue na uipe faili ya ramani: husoma kwanza sehemu nzima, zile mbovu huzirudia baadaye, na ukikatizwa huendelea ilipoishia.

Je, snapshoti haitoshi? Hapana. Snapshoti huegemea diski ileile ya msingi, na msingi ukioza, nayo inaanguka.

5. Kagua ganda kabla ya kiini

Faili ya qcow2 ina majedwali yake yenyewe, nayo huweza kuvurugika. Mashine ikiwa imezimwa, andika `qemu-img check` na jina la faili. Ikitaja “leaked clusters” tu, pumua: hiyo ni nafasi iliyopotea bure, data haijaguswa, na `-r leaks` inaisafisha. Ikitaja makosa halisi, kuna `-r all`, ila hiyo hulazimika kubahatisha na inaweza kuchagua marekebisho yasiyo sahihi. Unaona sasa kwa nini tulinakili kwanza?

6. Ext4 na XFS hawatumii dawa moja

Iunganishe nakala kama diski ya pili kwenye mashine pepe ya uokoaji, SystemRescue kwa mfano, na usiipachike bado. Kwa ext4, anza na `e2fsck -fn`, inayotazama bila kuandika. Kwa kuwa haisomi daftari la mabadiliko, baadhi ya makosa itakayotaja yatajisahihisha yenyewe daftari likisomwa. Makosa machache? Endelea na `e2fsck -f`. Maelfu yakimiminika? Simama, urudi kidokezo cha 3.

XFS ina tabia yake, na utakutana nayo sana kwa sababu Red Hat Enterprise Linux imeifanya chaguo la kawaida tangu toleo la 7, mwaka 2014. Amri ya `fsck.xfs` kwa kawaida haikagui lolote, humaliza tu kana kwamba mambo ni sawa! Ipachike diski mara moja ili daftari lisomwe, ipachue, kisha `xfs_repair -n` na hatimaye `xfs_repair`. Ile `-L` inafuta daftari zima pamoja na mabadiliko ya mwisho. Ifikie pale tu diski inapokataa kabisa kupachikwa.

7. Supabloku imekufa? Ina pacha zake

Ext4 hutunza nakala za supabloku sehemu kadhaa. Kwenye bloku za baiti 4096, ya kwanza ya akiba hukaa namba 32768, hivyo `e2fsck -b 32768 -B 4096` inaweza kukufufulia diski iliyodai haitambuliki. Ni ushindi mtamu sana!

8. Fahali wawili hawakai zizi moja

Diski moja ya ext4 au XFS isipachikwe na mashine mbili kwa wakati mmoja, wala na seva mama huku mashine pepe inaendelea kufanya kazi. Kila mmoja ataandika akidhani yuko peke yake. QEMU tangu toleo la 2.10 hufunga faili ya diski ili kuzuia hilo, kwa hiyo ikikuambia imeshindwa kupata kufuli, isikilize. Ukihitaji kweli kushirikisha diski, iko mifumo ya faili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, GFS2 na OCFS2. Na ukiwa humo kwenye mipangilio, tazama hali ya kache: “unsafe” hupuuza maombi ya kusukuma data hadi diskini, na umeme ukikatika mara moja tu, mfumo wa faili unaweza kwenda chini.

9. Safi haimaanishi nzima

Ukaguzi ukimalizika bila kosa, umethibitisha muundo, hujathibitisha yaliyomo. Fungua lost+found, huenda faili zimo humo zikiwa na namba badala ya majina, na amri ya `file` itakuambia ipi ni picha na ipi ni hati. Kama ni seva ya PostgreSQL, toa data yote kwa `pg_dumpall`, kwani hulazimika kusoma kila safu ya kila jedwali na mara nyingi itakwama pale palipooza. Ikigoma, rejesha bekapu ya mwisho kwenye mashine pepe mpya iliyotengwa na mtandao, iwashe, uitoe data huko kwa amri hiyohiyo. Bekapu hiyo ikipita, ndiyo utakayowarudishia watumiaji. Ile nakala ya diski mbovu iache palepale ilipo kwa wiki chache, maana lazima atatokea mtu kuuliza faili ambayo hakuna aliyejua kama ipo.