KOKI INAYOVUJA INAKUNYWA MAJI YETU

Ndugu msomaji, leo jioni nenda kwenye bomba la kijiji, watu wakisha kuondoka. Funga koki, halafu tazama mdomo wake. Kama unaona uzi wa maji, mwembamba kama unyasi, bado unashuka, basi somo hili ni lako.

Wengi wetu husema, "Ah, ni maji kidogo tu." Haya, tuyapime hayo maji kidogo. Weka kikombe cha robo lita chini ya koki, na mwenye saa atazame. Tuseme kikombe kimejaa kwa dakika 1. Kwa saa moja ni vikombe 60. Vikombe 4 ni lita 1, kwa hiyo ni lita 15 kila saa. Siku ina saa 24. 15 mara 24 ni lita 360. Ndoo zetu ni za lita 20. Sasa gawanya: ndoo 18! Ndoo 18 kwa siku moja, na hakuna aliyekunywa hata funda. Kwa mwezi wa siku 30 ni ndoo 540. Kama kwenu ndoo moja inauzwa shilingi 50, zimepotea shilingi 27,000.

Na usiku ndiyo mbaya zaidi. Watu hawachoti, kwa hiyo msukumo wa maji ndani ya bomba unakuwa mkubwa, nayo koki inavuja kwa nguvu. Anayelipa ni yule mama anayefika alfajiri na ndoo yake, akakuta tanki tupu, akashika njia ya mtoni.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi katika mwendo usiozidi mita 400. Shabaha hiyo haikufikiwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni hii: mabomba mengi yaliyokwisha jengwa yaliharibika, yasitengenezwe. Tangu mwaka 2019 kazi ya maji vijijini iko chini ya wakala unaoitwa RUWASA, na miradi huendeshwa na vyombo vya watumia maji, yaani wanakijiji wenyewe. Basi koki ni mali yetu, na ugonjwa wake tuujue.

Kwanza tuulize: inavuja wapi? Koki ya kuzungusha huvuja mahali patatu. Huvuja mdomoni, huvuja shingoni chini ya mpini, au huvuja kwenye shina pale inapoungana na bomba.

Ikivuja mdomoni ingawa umeifunga, mgonjwa ni washa. Washa ni kipande cha mpira, mviringo, chenye tundu katikati, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Unapofunga koki, washa inashuka na kukaa juu ya kiti chake, inaziba njia ya maji. Mpira ukichakaa, hauzibi. Sasa watu hufanya nini? Wanakaza! Anakuja huyu anakaza, anakuja yule mwenye mikono ya jembe anakaza zaidi, kesho mtu analeta kipande cha chuma apate nguvu. Kumbe kila wanapokaza, washa inazidi kukatika, na mwisho kile kiti cha chuma kinachubuka. Washa ni kitu cha bei ndogo. Kiti kikiharibika, mara nyingi mtanunua koki nzima.

Kubadili washa si kazi ngumu. Mwambie kwanza mwangalizi wa bomba, maana si vizuri watu kukuta maji yamekatwa bila habari. Funga valvu inayoleta maji kwenye kituo hicho. Fungua koki ili maji yaliyobaki yatoke, na uiache wazi. Sasa chukua spana mbili. Zinafaa zile za kupanua na kubana, ambazo mafundi wameziita jina tusiloliandika hapa. Spana moja ishike mwili wa koki usigeuke, na nyingine ifungue kichwa chake. Usisahau ile ya kwanza! Wapo waliofungua kwa spana moja, wakasokota bomba zima ndani ya nguzo ya saruji, na kazi ya nusu saa ikawa ya siku mbili.

Kichwa kikitoka, utaona kisahani chenye washa, imeshikwa na nati ndogo au skrubu. Itoe. Usiitupe, nenda nayo dukani upewe ya kipimo kile kile, maana washa ya koki ya nusu inchi haiingii kwenye koki ya robo tatu. Kama duka liko mbali, unaweza kukata mpira wa ndani wa tairi la lori. Huo utawafikisha siku ya gulio, lakini usiuache humo mwaka mzima. Mpira wa kandambili hatuupendi, ni laini mno na hukatika upesi.

Kabla ya kurudisha kichwa, pitisha kidole juu ya kiti. Ni laini? Vizuri. Kina makovu? Basi hata washa mpya itavuja, mwiteni fundi. Fungueni valvu kidogo tu, maji yatoe mchanga, halafu ifungeni tena. Rudisha kichwa huku mpini umezungushwa kwa kufungua, ili washa isibanwe unapokaza.

Ikivuja shingoni, tena wakati maji yanatoka tu, kaza nati ya shingo robo mzunguko. Isiposikia, funga valvu, ilegeze, zungushia uzi uliopakwa grisi, uikaze tena taratibu.

Ikivuja kwenye shina, funga valvu, fungua koki yote, safisha meno yake, zungushia tepu nyeupe ya mafundi kwa kufuata upande wa kukaza. Ukiizungusha kinyume, itajikunja na kutoka.

Zile koki za kisasa zenye mkono mfupi, zinazofungwa kwa robo mzunguko, hazina washa ya namna hii. Zikivuja mdomoni, badilisha koki.

Mvujo wa chini ya ardhi ni habari nyingine, na ni wa hatari. Maji yanapokatika, bomba lililotoboka hunyonya tope la nje. Maji yakirudi, tope hilo linakuja mpaka kwenye ndoo, na kuhara kunaingia nyumbani. Ukiona mahali pa njia ya bomba pana unyevu au majani mabichi wakati wa kiangazi, usingoje mkutano. Mwambie mwangalizi siku hiyo hiyo.

Hesabu ya nyumbani: Koki ya zahanati inadondosha matone, na hujaza kikombe cha robo lita kwa dakika 30. Kwa mwezi wa siku 30, ni ndoo ngapi za lita 20 zinapotea? (Jibu: ndoo 18.)