Damu ya Mbwa Jike: Joto, Mimba na Kuzaa
Kijitabu kwa wafugaji wa Kibaha na Kisarawe

Mbwa jike anayelinda mihogo dhidi ya nguruwe pori Kisarawe, au geti la nyumba Mlandizi, huingia joto mara moja au mbili kwa mwaka. Uke huvimba, matone ya damu yakaonekana kwa siku 9 hivi. Wengine hufika siku 17. Huo si ugonjwa, wala si hedhi. Mwanamke hutokwa damu baada ya kukosa mimba. Mbwa hutokwa nayo kabla ya kukubali dume. Wengi humfungulia jike damu inapopauka, wakidhani joto limekwisha, kumbe hapo ndipo siku za kupandwa zinaanza.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Kuanzia karibu wiki ya nne ini lake huzalisha kwa wingi fibrinojeni, protini inayosuka nyuzi za kufungia jeraha. Mwili unajiandaa: kila mtoto ana kondo lake, na kila kondo likibanduka huacha kidonda ndani ya mji wa mimba. Maji ya damu nayo huongezeka kuliko chembe nyekundu, hivyo kipimo cha wingi wa damu kinaweza kushuka kidogo mwishoni mwa mimba bila jike kuumwa.

Akizaa, uchafu wa kijani kizito ni wa kawaida. Baadaye hugeuka wekundu wa kahawia, ukipungua wiki hadi wiki. Lakini kijani hicho kikitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, kondo limeshabanduka naye bado yumo ndani. Mwite daktari wa mifugo mara moja.

Damu nyekundu inayochuruzika bila kukoma usiipokee kama "ndiyo uzazi". Mwili ulishajiandaa kuizuia, kwa hiyo kuna kitu kimeuharibia kazi. Mlaze chali, tazama ngozi ya tumbo pasipo manyoya: vidoa vyekundu kama vya ncha ya sindano ni damu inayovuja chini ya ngozi. Bonyeza ufizi kwa kidole. Weupe unapaswa kurudi waridi ndani ya sekunde 2.

Wa kwanza kushukiwa ni kupe wa kahawia, anayejificha masikioni na katikati ya vidole. Hueneza erlikia, vijidudu vinavyopunguza chembe sahani, zile zinazoziba tundu la mshipa kwanza. Wa pili ni sumu ya panya. Huzuia vitamini K isifanye kazi, na dalili hukawia siku kadhaa, mwenye mbwa keshasahau alipoitega. Mbwa anaweza kuipata hata kwa kula panya aliyekufa.

Jike asiyepandwa naye aangaliwe wiki chache baada ya joto. Mji wa mimba ukijaa usaha, atakunywa maji mno na kukataa chakula. Usaha huo unaweza kuvuruga hata ugandaji wa damu.

Usimpe aspirini, hulegeza chembe sahani. Ukitaka afungwe kizazi, subiri joto lipite kwa miezi miwili au mitatu, kwani wakati wa joto mishipa ya kizazi hujaa damu. Unapompeleka kwa afisa mifugo wa kata, mwambie tarehe ya joto la mwisho, na kama kulikuwa na sumu nyumbani, beba pakiti yake.